Watazamaji Kumi na Mmoja

Kombe limelala juu ya gunia la pumba
ndani ya mashine ya kusaga ya Magohe, hapa Isevya,
na hakuna anayelitazama.
Tumelizunguka daftari.

Kaunta buku la kwaya tatu,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa magunia,
jaladani duara la asali lililoganda
pale mtu alipoweka kikombe siku tulipotoka sare na Urambo.

Nyamizi, karani wa mizani ya tumbaku,
anasoma kwa sauti ileile ya kumtajia mkulima kilo zake:
haongezi, hapunguzi, hapepesi.

Mechi ishirini na mbili.
Kushinda kumi na nne. Sare tano. Kufungwa tatu.
Pointi arobaini na saba.

Tunapiga kelele kila namba inapotua
kana kwamba hatukuijua,
kana kwamba hatukuihesabu kwa vidole
njia nzima kutoka uwanjani.

Mabula, kipa: dakika mia tano na kumi na mbili
bila nyavu kutikisika.
Ukitoa zile za nyongeza? anauliza mtu gizani.
Nimeshazitoa.

Kulwa, magoli kumi na moja na nusu.
Doto, kumi na moja na nusu.
Hapo kicheko kinapanda mpaka kwenye bati.
Goli lile la Nzega lilimshinda refa,
likamshinda mama yao aliyekaa nyuma ya nguzo,
na wenyewe wakiulizwa
kila pacha humtaja mwenzake.
Basi Nyamizi akalikata katikati, kama kiazi.

Michembe inapita mkono kwa mkono, na karanga zake.
Miaka ishirini na mitatu tumetafuna maneno ya watu wa Cheyo.
Leo tunatafuna tarakimu.
Tamu.

Kisha Nsimba, fundi baiskeli, anasema:
Soma ile ya Sikonge.

Mechi ya tatu. Mvua.
Nyuki wa Isevya sifuri, Sikonge nne.
Kadi nyekundu moja.
Mpira kutumbukia mtaroni, mara sita.
Watazamaji kumi na mmoja
na mbuzi wa Kapela.

Nilikuwepo, anasema Nsimba.
Na mimi, anasema Mama Kalunde, mkono ungali ndani ya ungo.
Muuza betri alikuwepo.
Mwalimu wa hesabu alikuwepo, na aliazimwa mwavuli.
Hata kijana aliyehamia kutoka Kaliua juzi, mwezi wa sita,
alikuwepo, na kandambili yake ilinasa kwenye tope.

Nami nikausikia mdomo wangu: nilikuwepo.
Nikaihisi kabisa mvua ile begani,
mvua niliyoisikiliza juu ya bati
nikiwa nimejifunika blanketi,
nikimwambia mke wangu timu hii imekufa,
kilichobaki ni sanda.

Nyamizi habishi.
Anageuza ukurasa.
Karatasi ni nyepesi, taa ni kali,
na upande wa pili sote tunayaona
majina, kwa penseli, yamepangana kama ngazi ya kuku,
machache mno.
Hayasomi.

Anaurudisha ukurasa.
Anachomoa kalamu kwenye kilemba,
na chini ya mbuzi wa Kapela anapiga mstari,
anaandika polepole, kwa mwandiko wa ghala:
Waliosema walikuwepo.

Halafu anatuhesabu kwa ncha ya kalamu
kama anavyohesabu mitumba ya tumbaku kabla haijapakiwa,
uso kwa uso, haruki mtu,
Nsimba, Mama Kalunde, mwalimu,
kijana wa Kaliua anayetazama chini,
arobaini, arobaini na moja, na mbili.

Kalamu inasimama kwangu.
Inasimama muda wa kona kupigwa.

Na tatu, anasema,
anaandika, anapuliza wino ukauke.

Nje, kwenye kamba yake,
mbuzi wa Kapela analia mara moja.
Yeye hajaulizwa.